Msaada wa Serikali Marekani: Jinsi Aibu Ilivyoingizwa Ndani ya Sheria

Miaka michache iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya duka kubwa mjini Louisville, Kentucky, nyuma ya mama mmoja aliyekuwa akimkanya mwanawe kwa Kiswahili cha Uvira, mashariki mwa Kongo. Alikuwa amebeba maziwa, mkate, mayai na maharage. Keshia akapitisha maziwa, mashine ikakataa. Akapitisha mkate, ikakataa tena. Taa iliyo juu ya kaunta ikaanza kuwaka na kuzima, ndiyo ishara ya kumwita msimamizi, na watu waliokuwa nyuma yetu wakaanza kuhamia foleni nyingine huku wakishusha pumzi kwa nguvu.

Kumbe maziwa aliyochukua yalikuwa yenye mafuta kamili. Alikuwa analipa kwa kadi ya WIC, mpango wa lishe wa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wa chini ya miaka 5, na kadi hiyo humpa mtoto aliyevuka miaka 2 maziwa yaliyopunguzwa mafuta tu. Mkate nao ulikuwa wa ngano isiyokobolewa kama kanuni inavyotaka, ila ulikuwa wa wakia 20, na kadi ilitambua wa wakia 16. Msimamizi alikuja, akaeleza haya yote kwa sauti iliyofika hadi kwenye meza za matunda. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasaidia, na mimi nilikuwa natafsiri. Mama aligeuka akaniambia, "Unisamehe kaka, nakuchelewesha."

Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemwita mvivu wala mwombaji. Hata hivyo aliomba radhi kana kwamba amekamatwa na kitu cha wizi, na nadhani alikuwa ameielewa hali vizuri kuliko mimi. Tumezoea kusema kwamba unyanyapaa uko kwenye vichwa vya watu, kwa hiyo dawa yake ni elimu na mioyo mema. Kwa misaada ya serikali nchini Marekani, sehemu kubwa ya aibu iko kwenye kanuni zenyewe: iko kwenye wakia za mkate, kwenye fomu, kwenye swali la nani analala nyumbani kwako. Iliwekwa humo na wanasiasa, kwa hatua zinazofahamika na kwa tarehe zinazofahamika.

Neno moja, maoni mawili

Kwetu "ustawi wa jamii" ni maneno ya heshima. Nchini Tanzania ni jina la ofisi ambako mama huenda kumshitaki baba asiyetoa matunzo ya mtoto, na anayekwenda huko hajifichi uso. Neno la Kiingereza "welfare" maana yake ya asili ni ustawi huohuo, na limo hata kwenye utangulizi wa Katiba ya Marekani. Lakini leo ukimwambia Mmarekani kwamba jirani yake "yuko kwenye welfare", umemsengenya.

Kuna ushahidi mzuri wa jambo hili. Chuo Kikuu cha Chicago kina utafiti mkubwa wa maoni ya wananchi ambao tangu miaka ya 1980 umekuwa ukiuliza swali moja kwa njia mbili. Kundi la kwanza huulizwa kama serikali inatumia pesa kidogo mno, za kutosha, au nyingi mno kwa ajili ya "welfare". Kundi la pili huulizwa hilohilo, ila kwa maneno "kuwasaidia maskini". Kwa kawaida, katika kundi la kwanza wanaosema pesa ni kidogo mno huwa kama robo tu. Katika kundi la pili hupita nusu. Ni nchi ileile na mwaka uleule, na pesa zinazozungumziwa ni zilezile kwa kiasi kikubwa. Kilichobadilika ni neno.

Ili kuelewa neno lilivyochafuka, inabidi kwanza tutenganishe vitu ambavyo watu wengi, wakiwemo Wamarekani, huvichanganya. Serikali ya huko hutoa msaada wa aina mbili. Aina ya kwanza ni ule unaotokana na makato ya mshahara au kodi anayolipa mwajiri: pensheni ya wazee iitwayo Social Security, bima ya afya ya wazee iitwayo Medicare, na fidia ya kupoteza kazi. Anayepokea husema, "Nililipia." Hesabu haiko hivyo kabisa, kwa sababu makato ya leo ndiyo yanayolipa wazee wa leo, na wengi hupokea kuliko walichochangia, lakini hadithi ya kulipia inatosha kumpa mtu kifua mbele. Aina ya pili ni ile inayotolewa kwa kupima umaskini: posho ya familia iitwayo TANF, msaada wa chakula uitwao SNAP ambao wengi bado huuita fudistampu, bima ya afya ya Medicaid, na WIC ya yule mama wa Uvira. Huku ndiko lilikohamia neno "welfare", na huku ndiko aibu ilikojengewa nyumba.

Mgawanyo huu haukutoka mbinguni. Sheria ya Social Security ya 1935, ya Rais Franklin Roosevelt, ndiyo iliyozaa aina zote mbili. Ilipoanza, pensheni iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na watumishi wa majumbani, na katika majimbo ya Kusini hizo ndizo zilizokuwa kazi za Weusi wengi. Kando yake ukawekwa mpango mdogo wa posho kwa watoto wasio na baba, ambao ulikusudiwa hasa wajane. Mwaka 1939 wajane wa wafanyakazi waliokuwa wakichangia waliingizwa kwenye mfumo wa pensheni. Waliobaki kwenye mpango mdogo ni mama walioachwa, waliotalikiwa, na wale ambao hawakuolewa kabisa. Kwa hiyo hata kabla mwanasiasa yeyote hajapanda jukwaani kuwasema, sheria ilikuwa imeshawachambua: hawa wa heshima, wale wa kuangaliwa kwa jicho la pembeni.

Na kweli waliangaliwa. Posho iliendeshwa na majimbo, na majimbo yakajitungia kanuni za "nyumba inayofaa". Mwaka 1960 Louisiana iliwaondoa zaidi ya watoto 20,000 kwenye orodha kwa sababu mama zao walikuwa wamezaa nje ya ndoa. Wengi mno walikuwa Weusi. Alabama ilikuwa na kanuni kwamba mama akiwa na uhusiano na mwanamume, mwanamume huyo huhesabiwa kuwa baba wa watoto, na posho hukatwa, hata kama hatoi senti. Maofisa katika miji kadhaa walikuwa wakibisha hodi usiku wa manane kutafuta viatu vya kiume chini ya kitanda. Mahakama ya Juu iliifuta kanuni ya Alabama mwaka 1968. Lakini fikiria mtoto aliyekulia katika nyumba ambayo hodi ya usiku ilimaanisha kesho hakuna chakula. Sidhani kama anahitaji kuelezwa unyanyapaa ni nini.

Mwanamke wa Chicago

Miaka ya 1960 mama wenyewe walijipanga. Chama chao cha kitaifa cha haki za wapokea posho kilianzishwa mwaka 1966, na mmoja wa viongozi wake, Johnnie Tillmon, mama wa watoto 6 aliyewahi kufua nguo kiwandani hadi akaugua, aliandika mwaka 1972 kwamba posho ile ilikuwa kama ndoa mbaya: umemwacha mume mmoja ukaolewa na serikali, nayo ndiyo inayokuamulia utumie pesa vipi na ulale na nani. Walishinda kesi kadhaa kubwa. Orodha ya wapokeaji ikakua haraka, kwa sababu watu waliokuwa wakifukuzwa dirishani sasa walikuwa wanajua haki zao.

Hapo ndipo siasa zilipochacha. Mwaka 1976 Ronald Reagan, akiutafuta urais kupitia chama cha Republican, alikuwa akisimulia mikutanoni habari za mwanamke wa Chicago mwenye majina 80, anwani 30, waume wastaafu wa jeshi ambao hawakuwahi kuwepo, na kipato cha dola 150,000 kwa mwaka zisizokatwa kodi. Magazeti ya Chicago yalikuwa yameshambatiza mwanamke huyo jina la "malkia wa welfare". Alikuwepo kweli: Linda Taylor, tapeli wa kweli, aliyehukumiwa mwaka 1977. Ila kiasi kilichothibitishwa mahakamani kilikuwa kama dola 8,000.

Kisa hiki ni cha werevu mkubwa kisiasa. Reagan hakuhitaji kumtaja mtu kwa rangi. Alihitaji tu kusema Chicago, na msikilizaji akaijaza picha mwenyewe. Tapeli mmoja aliyekuwa kichekesho cha magazeti akawa sura ya mamilioni ya mama waliokuwa wakipokea posho isiyotosha kodi ya nyumba. Hadi leo ukimwomba Mmarekani amchore mtu wa fudistampu, wengi watamchora mwanamke Mweusi wa mjini, ingawa kundi kubwa zaidi la wapokeaji ni Wazungu.

Sasa niseme jambo ambalo watetezi wa maskini hawapendi kulisikia. Mfumo wa zamani ulikuwa mbovu kweli. Tangu mwaka 1981, mama aliyepata kazi, baada ya miezi michache, alikatwa posho karibu dola kwa dola. Akipata 300 kazini, posho inashuka karibu 300, na nauli na mlezi wa mtoto ajilipie. Anayeshangaa kwa nini wengi hawakukimbilia kazi za aina hiyo ajaribu kupiga hesabu hiyo mezani kwake. Waliouchukia mfumo huo zaidi ni wapokeaji wenyewe. Kwa hiyo mageuzi yalihitajika. Swali lilikuwa: mageuzi ya kurekebisha hesabu, au ya kumrekebisha mtu?

Agosti 1996

Bill Clinton aliingia kwenye kampeni ya 1992 na ahadi ya kukomesha welfare kama watu walivyoijua. Alikuwa Mdemokrat aliyetaka kuwavua Warepublikan silaha yao. Walipochukua Bunge mwaka 1994 chini ya Newt Gingrich, walimpelekea sheria kali kuliko aliyoitaka. Alizikataa mbili. Ya tatu ilimfikia miezi michache kabla ya uchaguzi, akaitia saini tarehe 22 Agosti 1996. Maofisa wa juu wa serikali yake mwenyewe walijiuzulu kwa kupinga, akiwemo Peter Edelman, aliyekuwa rafiki yake wa miaka mingi.

Jina la sheria hiyo linasema mengi: lilizungumzia wajibu wa mtu binafsi na fursa ya kazi. Neno umaskini halimo. Ndani yake kulikuwa na mabadiliko ambayo kwa nje yanaonekana ya kiuhasibu. Kwanza, posho ilikoma kuwa haki. Zamani ukitimiza vigezo, lazima ulipwe, hata kama wanaostahili wameongezeka. Sasa kila jimbo lilipewa fungu la mkupuo, jumla ya kama dola bilioni 16.5 kwa mwaka kwa nchi nzima, na likishagawa likaisha, limeisha. Fungu hilo halikufungwa na mfumuko wa bei. Kiasi kilichopangwa mwaka 1996 ndicho kinachotolewa hadi leo, karibu miaka 30 baadaye, kwa hiyo thamani yake imeliwa karibu nusu bila mbunge yeyote kupiga kura ya kukata. Pili, ukomo wa miaka 5 kwa maisha yote kwa pesa za serikali kuu, na majimbo yakaruhusiwa kuufupisha. Arizona iliufikisha miezi 12. Tatu, lazima ufanye kazi au uonyeshe unaitafuta, kwa saa zilizopangwa, la sivyo unakatwa.

Miaka ya mwanzo waliopitisha sheria walikuwa na haki ya kujivuna kidogo. Mama wasio na waume waliingia kazini kwa wingi, na umaskini wa watoto ulishuka hadi mwaka 2000. Uchumi ulikuwa unapaa wakati huo, kima cha chini cha mshahara kilipandishwa, na serikali ilikuwa imeongeza sana marejesho ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato kidogo, hivyo wachumi bado wanabishana ni nini kilisaidia kwa kiasi gani. Lakini uchumi ulipoanguka mwaka 2008 ndipo ilipoonekana kilichobomolewa. Mwaka 1996, katika kila familia 100 maskini zenye watoto, 68 zilikuwa zinapata posho. Miaka ya karibuni ni kama 21.

Pesa zilizobaki zilikwenda wapi? Sheria iliyapa majimbo uhuru wa kuzitumia kwa "malengo" mapana, yakiwemo kukuza ndoa na kuzuia mimba nje ya ndoa. Mississippi ndiko mambo yalikoharibika wazi kabisa. Ukaguzi wa jimbo uliotolewa mwaka 2020 na uchunguzi uliofuata ulionyesha makumi ya mamilioni ya dola zikiwa zimetumika vibaya, nyingine kwenye ukumbi wa voliboli wa chuo kikuu, nyingine kumlipa nyota mstaafu wa mpira wa Kimarekani kwa hotuba ambazo wakaguzi walisema hakuzitoa, ingawa baadaye alizirudisha pesa hizo. Kwa miaka hiyohiyo, familia ya watu 3 ikibahatika kupata posho Mississippi ilipata kisichozidi dola 170 kwa mwezi, na katika mwaka mmoja waliokubaliwa walikuwa chini ya 2 katika kila waombaji 100. Mama alitakiwa athibitishe kila senti. Waliokuwa juu yake hawakuulizwa kwa muda mrefu.

Aibu inavyofanya kazi

Wazo kwamba msaada lazima uume kidogo ni la kale. Uingereza, kwa sheria ya 1697, maskini aliyesaidiwa na parokia alitakiwa kushona herufi P kwenye bega la kulia la nguo yake. Mwaka 1834 wakaja na kanuni nyingine: hali ya anayesaidiwa iwe mbaya kuliko ya kibarua wa chini kabisa aliye nje, ili asiingie mtu ila aliyekata tamaa. Walisema hivyo waziwazi. Sisi wa leo ni wapole zaidi wa ulimi, ila kazi inayofanywa ni ileile: kupunguza foleni bila kumwambia mtu hapana.

Tazama upimaji wa dawa za kulevya. Florida ilipitisha mwaka 2011 sheria kwamba kila anayeomba posho apimwe mkojo, kwa gharama yake, arudishiwe akionekana safi. Kwa miezi michache kabla mahakama haijaisimamisha, walipimwa zaidi ya watu 4,000, na wenye dawa mwilini walikuwa 2.6 kwa 100. Jimbo likalipa marejesho mengi kuliko lilivyookoa. Kama lengo lilikuwa kuokoa pesa, lilishindwa. Kama lengo lilikuwa kumpa kila mwombaji kikopo na kumwambia akojoe humo kabla hajaonekana mtu, lilifaulu siku ya kwanza.

Au tazama Arkansas. Mwaka 2018 ilianza kuwataka baadhi ya wanaotumia Medicaid waripoti saa 80 za kazi kila mwezi kupitia tovuti. Tovuti hiyo ilikuwa ikifungwa saa 3 usiku hadi saa 1 asubuhi, yaani saa zilezile ambazo mtu wa zamu mbili hupata nafasi. Kufikia mwisho wa mwaka watu zaidi ya 18,000 walikuwa wamepoteza bima. Watafiti walipofuatilia hawakuona ajira kuongezeka. Wengi wa waliolengwa walikuwa tayari wanafanya kazi au walistahili kusamehewa. Walishindwa na fomu. Jaji aliisimamisha kanuni hiyo Machi 2019.

Zipo pia hatua za kwenda upande wa pili, na lazima zitajwe. Fudistampu zilikuwa vitabu vya kuponi za rangi ambazo kila mtu dukani alizitambua. Kuponi hizo zikabadilishwa polepole kuwa kadi ya plastiki inayofanana na ya benki, na mwaka 2008 hata jina likabadilishwa kuwa SNAP. Kadi imepunguza macho kwa kiasi kikubwa. Lakini jina jipya halikushika. Watu wanaendelea na la zamani.

Halafu kuna msaada ambao hauonekani kabisa. Mwenye nyumba anayelipa riba ya mkopo hupunguziwa kodi, na kadiri nyumba inavyokuwa kubwa ndivyo nafuu inavyonona. Mwaka 2008 mwanazuoni Suzanne Mettler wa Cornell aliwauliza watu kama wamewahi kutumia mpango wowote wa kijamii wa serikali. Miongoni mwa waliokuwa wakipata nafuu hiyo ya riba, 60 kwa 100 walisema hapana, hawajawahi. Wa fudistampu waliosema hapana walikuwa kama robo tu. Tajiri hupokea kupitia fomu ya kodi, faraghani, mara nyingi kwa mkono wa mhasibu. Hakuna taa inayowaka juu ya kaunta.

Waliotoka mbali

Kwa Waswahili wa Marekani suala hili limekuwa la jikoni. Wakimbizi wa Kongo ni miongoni mwa makundi makubwa yaliyopokelewa huko katika miaka ya 2010, na wengi walianzia kwenye misaada hii: Medicaid, fudistampu, posho ya miezi ya mwanzo. Walitoka kwenye kambi kama Nyarugusu ya Tanzania au Nakivale ya Uganda, ambako mgao wa unga ulikuwa wa kila kaya. Watu walipanga mstari mmoja, na hakuna aliyemcheka mwenzake. Walipofika Marekani waligundua kwamba mgao ni siri. Nimewasikia wazee wakiwakataza vijana wasitaje kadi mbele ya wageni.

Hofu nayo iliongezwa. Mwaka 2020 serikali ya Trump ilianza kutumia kanuni iliyofanya msaada wa chakula na nyumba uhesabiwe dhidi ya mhamiaji anayeomba ukazi wa kudumu. Wakimbizi hawakuhusika, sheria inawasamehe. Lakini habari ya kanuni ilipita kwenye vikundi vya WhatsApp haraka kuliko msamaha wake, na watu wasiohusika wakajitoa wenyewe. Kanuni ilifutwa mwaka 2021. Uvumi haukufutwa.

Kisha ikaja sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025. Inazitaka Medicaid za majimbo mengi kuanza masharti ya saa 80 za kazi kwa mwezi ifikapo mwanzoni mwa 2027, mambo yaleyale ya Arkansas kwa sehemu kubwa ya nchi. Kwenye SNAP, sharti la kazi limepandishwa hadi umri wa miaka 64, na mzazi ambaye mtoto wake wa mwisho ametimiza miaka 14 hasamehewi tena. Na mkimbizi ambaye bado hajapata kadi ya kijani ameondolewa kwenye msaada wa chakula, wakati kadi hiyo haombi mpaka akae mwaka mzima. Yaani mwaka ule ambao hana gari, hana Kiingereza, na anajifunza basi lipi linakwenda kiwanda cha kuku, ndio mwaka asiopewa chakula.

Novemba ya mwaka huohuo, wakati serikali ya Marekani ilipofungwa kwa siku 43 kwa mvutano wa bajeti, msaada wa chakula ulikwama kwa watu kama milioni 42. Kwa wiki chache magazeti yaliacha kuzungumzia wavivu, yakazungumzia mstari wa benki za chakula uliokuwa na wanajeshi na walimu wasaidizi. Kisha serikali ikafunguliwa na mazungumzo yakarudi yalipokuwa.

Tusijione tuko mbali. Tanzania Bara, mpango wa TASAF umefikisha ruzuku kwa kaya zaidi ya milioni 1, na umewasomesha na kuwalisha watoto wengi. Lakini kwa muda mrefu uliitwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na majina yalijadiliwa kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya mkwe na mdai. Siku hizi husikika zaidi "kaya za walengwa". Aliyechagua neno hilo alijua anachokifanya. Zanzibar ilikwenda njia nyingine Aprili 2016: kila mkazi aliyefikia miaka 70 alianza kupata Shilingi 20,000 kwa mwezi, awe fukara au mwenye nyumba ya ghorofa. Wanaiita pensheni jamii. Bibi anayekwenda kuichukua hujifunga kanga nzuri na kuwaamkia watu njiani, maana wenzake wote wa rika wako kwenye foleni hiyo, na hakuna wa kumuuliza kwa nini yuko pale.

Yule mama wa Louisville nilimsaidia kubeba mifuko hadi kwenye maegesho. Aliniambia kwamba wanaomwangalia wanadhani ameletwa bure. Tiketi za ndege za familia yake zilikuwa mkopo, kama ilivyo kwa karibu kila mkimbizi anayepelekwa Marekani, na barua ya marejesho ilikuwa inamfika kila mwezi. Alikuwa hajakosa hata mara moja. Kisha akafungua pochi, akatoa risiti ya zamani, akaniomba nimwandikie nyuma yake zile namba za mkate na maziwa, kubwa, ili hata mtoto aweze kusoma. Aliikunja mara mbili akaichomeka nyuma ya kadi.